Mcheza tenisi wa kike aliye nje ya 200 bora duniani anaishije? Uzi kwa wazazi wa Kigoma na kwingineko

#1 Mwanzisha uzi

Wanajamvi, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome akitulia.

Binti wa dada yangu yuko kidato cha kwanza hapa Kigoma mjini na tenisi imemwingia damuni. Amemwambia baba yake kwamba anataka kuja kucheza kwa kulipwa. Shemeji akanijia kwa sababu anajua naufuatilia mchezo huu, akauliza bila kuzunguka: "Shemeji, huko kuna kula?" Nikamwomba anipe muda nimjibu kwa hesabu. Hesabu yenyewe nimeona niilete hapa, maana najua si yeye peke yake anayeulizwa na mwanawe.

Watu wakisikia tenisi ya wanawake, akili zinakwenda kwa Serena Williams au Naomi Osaka. Hao tuwaweke pembeni. Swali la shemeji linawahusu wale wa nafasi ya 250, ya 400, ya 700. Majina yao hayasomwi redioni, lakini alfajiri wako uwanjani. Kila bingwa amepita huko, na wengi wanaoanza hubaki huko hadi wanatundika raketi. Mimi nawaheshimu sana. Nasema mapema kabisa: binti aliye nafasi ya 400 duniani ni hodari kuliko watu wanavyodhani, na kinachomkwamisha, hasa akitoka ukanda wetu, mara nyingi ni nauli kabla ya kuwa mkono wake.

Tuanze na ngazi. Juu kabisa ziko Grand Slam nne, yaani mashindano makubwa kuliko yote: Melbourne (Australian Open), Paris (Roland Garros), London (Wimbledon) na New York (US Open). Zinafuata zile za WTA, chama cha tenisi ya wanawake kilichoundwa London mwaka 1973, Billie Jean King akiwa mstari wa mbele. Chini ni mzunguko wa ITF, yaani shirikisho la kimataifa, na huko mashindano ya wanawake yanaitwa W15, W35, W50, W75 na W100. Namba hiyo ndiyo pointi anazopata bingwa. Ukishinda W15 yote, mechi tano bila kupoteza hata moja, unaondoka na pointi 15. Ili jina lako litokee kwenye orodha ya WTA unatakiwa uwe umepata pointi katika mashindano matatu, au uwe na jumla ya pointi 10. Na pointi zenyewe hazikai. Wiki 52 zikipita zinafutwa, kwa hiyo mwakani usipozirudisha unashuka hata kama hukukosea chochote.

Sasa hela. W15 mfuko wake mzima wa zawadi ni dola 15,000, na unagawanywa kwa wote, wanaocheza mmoja mmoja na wanaocheza wawili wawili. Bingwa anapata takriban dola 2,350, kama milioni sita za kwetu kabla ya kodi. Anayetolewa raundi ya kwanza anapata dola 147 hivi. Aliyecheza mchujo, yaani mechi za awali za kugombea nafasi, akashindwa kuingia droo kuu, yaani mashindano yenyewe, hapati kitu, na ada ya kuingia ameshailipa.

Mchukue binti aliyekwenda Monastir, Tunisia. Mji ule kwa miaka mingi umekuwa ukiandaa mashindano madogo karibu kila wiki, ndiyo maana wachezaji wa Afrika na Ulaya wanaweka kambi pale. Jumanne anafungwa seti mbili kwa moja, anachukua hela yake kidogo. Mchujo wa mashindano yanayofuata unaanza Jumapili. Siku zote hizo katikati analipa hoteli na chakula. Kocha hana, kwa hiyo anamtafuta mwenzake aliyetolewa kama yeye wapige mipira pamoja. Jioni yuko chumbani anafunga nyuzi za raketi mwenyewe. Wa ngazi hii hununua nyuzi kwa bunda la mita 200. Raketi moja inakula mita kama 12, na anayepiga kwa nguvu anazikata kila baada ya siku chache. Nguo na viatu navyo ni vya kununua, kwa sababu kampuni hazihangaiki na mtu wa nafasi ya 600.

Mechi nyingi za ITF zinaonyeshwa mtandaoni, tafuteni mtazame. Utaona jukwaa tupu, mwamuzi mmoja kitini, hakuna watoto wa kuokota mipira. Mchezaji amekimbia pointi ndefu, anahema, halafu anatembea mwenyewe hadi kwenye uzio kuufuata mpira. Anarudi, anaudundisha, anasevu. Kwa saa mbili na zaidi, kwenye jua. Ukishaiona mechi moja ya namna hiyo hadi mwisho hutasema tena kwamba hawa ni wachezaji wa kawaida.

ITF wenyewe waliwahi kuchambua takwimu za mwaka 2013. Waliocheza mashindano ya kulipwa mwaka huo, wake kwa waume, walikuwa kama 14,000, na karibu nusu yao hawakupata hata senti. Gharama za wastani kwa mwanamke, yaani nauli, hoteli, chakula, nyuzi, nguo na kufua, zilikuwa dola 40,180 kwa mwaka. Kocha hayumo humo. Kwa viwango vya leo hiyo ni kama shilingi milioni mia moja. Nafasi ambayo zawadi zilianza kulingana na gharama ilikuwa ya 253 kwa wanawake. Na asilimia 1 ya juu, wanawake 26 tu, walibeba asilimia 51 ya zawadi zote za wanawake. Zawadi zimepanda tangu hapo, lakini tiketi za ndege na hoteli navyo havikukaa palepale.

Naendelea chini, ulizeni tu.

#2 Mdau wa Gungu

Mkuu, uzi mzito. Ila hapo 253 sijapaelewa. Mimi nilidhani mpaka uwe 100 bora ndipo unakula vizuri. Kwa nini mstari uwe pale?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, swali zuri, na jibu lake ndilo siri ya maisha yote ya hawa mabinti.

Kila Grand Slam ina mchujo wa wanawake 128 kabla ya mashindano yenyewe. Anayeingia kwenye mchujo huo kwa nafasi yake kwa kawaida ni mtu wa hadi 220 au 240 hivi. Sasa angalia malipo. Australian Open ya 2024, aliyefungwa mechi ya kwanza kabisa ya mchujo alipata dola 31,250 za Australia. US Open mwaka huohuo, wa namna hiyo alipata dola 25,000 za Marekani. Mechi moja, umefungwa, umeondoka. Linganisha na zile dola 147 za Monastir. Ukifanikiwa kuingia michujo yote minne kwa mwaka, gharama zako zimelipwa hata usiposhinda mechi huko.

Kwa hiyo binti wa nafasi ya 260 na yule wa 225 kiuchezaji wanaweza kulingana kabisa, leo huyu anashinda, kesho yule. Lakini kimaisha mmoja anaweza kumlipa kocha na mwingine anahesabu kama atabaki na hela ya kurudia kwao. Huwa naumia nikimwona mtu amekaa 250 hadi 280 miaka miwili, mitatu, halafu anapata jeraha la bega na pointi zinafutika akiwa kitandani. Ukipita mchujo na kuingia droo kuu ndiyo unapumua: Wimbledon ya 2024 raundi ya kwanza ililipa pauni 60,000.

Wapo wanaoruka ghafla. Emma Raducanu alikuwa nafasi ya 150 alipoanzia mchujo wa US Open 2021 akabeba kombe. Lois Boisson wa Ufaransa alipasuka mishipa ya goti mwaka 2024, muda mfupi kabla ya Roland Garros aliyokuwa amepewa kadi ya mwaliko. Mwaka 2025 akarudi akiwa wa 361, akapewa mwaliko tena, akamtoa Jessica Pegula aliyekuwa wa 3 na Mirra Andreeva aliyekuwa wa 6, akafika nusu fainali. Alipata euro 690,000. Na Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake ni Wakongo, aliuanza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora. Akashinda mashindano ya ITF moja baada ya jingine, na Agosti akatwaa kombe la Montreal kwa kumfunga Naomi Osaka fainali. Sisi tunaoiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa kila kukiwa kweupe tulifurahi kama wetu.

Hao nimewataja kwa sababu wanathibitisha kwamba ubora upo huko chini. Mzazi asiwatumie kama mpango wa familia.

#4 Dada wa Ujiji

Kaka, asante kwa elimu hii. Je, kuna mabinti wa ukanda huu waliofika huko kwenye 200 au 300? Na umesema nauli ndiyo tatizo kuliko mkono. Fafanua.

#5 Mwanzisha uzi

Dada, wapo wa ukanda huu wanaoupigania mzunguko, na mmoja ni jirani yetu kabisa. Sada Nahimana ni mzaliwa wa Bujumbura, mwaka 2001. Ukipanda gari hapa kupitia Manyovu unafika kwao siku hiyohiyo. Alicheza Grand Slam za vijana, akapita kituo cha ITF cha Casablanca, Morocco, kisha akaingia kwenye mzunguko huu wa W15 na kuendelea, akipigania nafasi wiki kwa wiki. Kwa nchi kama Burundi, iliyopita yote iliyopita, kumtoa mwanamke anayeishi kwa raketi ni jambo kubwa, na sisikii watu wa Kigoma wakilisema.

Mwingine ni Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa 2004. Mama yake alifariki akijifungua yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi Nairobi. Mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana ya wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la Grand Slam kabla yake. Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra.

Hapa ndipo nauli inapoingia. Ile dhahabu ilikuwa njia ya kwenda Olimpiki ya Paris, ila kulikuwa na sharti: mchezaji awe ndani ya 400 bora ifikapo Juni. Okutoyi hakuwa ndani ya 400, kwa hiyo Paris hakwenda. Bingwa wa Afrika nzima! Ili uingie 400 unahitaji wiki nyingi za mashindano yenye pointi, na mashindano hayo yamejaa Ulaya, Marekani, Uturuki, Tunisia, Misri. Binti wa Italia au Ufaransa anapanda treni Jumamosi, Jumatatu yuko uwanjani, akitolewa Jumatano analala kwao. Nairobi inaandaa mashindano ya wanawake ya ITF, ila ni wiki chache tu kwa mwaka. Zikipita hizo, mtu wa ukanda wetu ni ndege.

Na kabla ya ndege kuna viza. Ile ya Schengen, inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na kwa sisi wa Kigoma maombi yanapelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mchezaji wa ngazi hii anaamua wiki hii acheze wapi kwa kuangalia wapi orodha ya walioingia ni nyepesi. Mwenye pasi ya Ulaya anaamua jioni na kuondoka asubuhi. Wetu anaiona nafasi, anajua angeingia moja kwa moja bila mchujo, na inapita kwa sababu pasi iko ubalozini. Pointi zile anachukua mwingine, ambaye huenda angemfunga. Msimu mzima ukienda hivyo, mmoja yuko wa 300 na mwingine wa 600, na sisi tunasema wetu hana kiwango.

Ndiyo maana wengi wao hujazia kipato kwa ligi za vilabu. Ujerumani na Ufaransa vilabu vya miji vinaajiri wachezaji wa kigeni kwa mechi za msimu, na malipo yake yanajulikana kabla hujagusa mpira. Kuna mabinti ambao hela ile ndiyo inayowalipia miezi mingine ya kuzunguka. Kucheza wawili wawili nako kunasaidia, japo zawadi yake ni ndogo zaidi.

#6 Kijana wa Mwanga

Bro mimi hao wa Monastir nawajua sana, nawaweka kwenye mkeka kila siku usiku mpira ukiisha. Kuna mmoja kanichania juzi alikuwa anaongoza seti ya kwanza akaachia. Hawa si wanauza mechi tu?

#7 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, nashukuru umelisema wazi, kwa sababu hapa mtaani kwetu wapo wengi kama wewe, nawakuta vibandani wanamsubiri binti wasiyejua hata anatoka nchi gani.

Rushwa ipo, na ni kweli iko zaidi huku chini. Mwaka 2018 jopo huru lililochunguza tenisi lilieleza jambo hilo kwa kirefu na likataja chanzo: watu wengi mno wanaoitwa wa kulipwa huku hawalipwi kiasi cha kuishi, na takwimu za mechi zao ndogo zinauzwa moja kwa moja kwa kampuni za kubeti. Mtu anaweza kuwa anacheza kwa dola 147 huku pesa zinazowekwa kwenye mechi yake duniani ni nyingi kuliko mfuko mzima wa mashindano. Tangu 2021 kuna chombo maalumu, ITIA, kinachofungia wanaokamatwa, wengine maisha.

Lakini kuongoza seti ya kwanza kisha kufungwa si kuuza mechi. Ndiyo tenisi. Huenda binti yule alicheza mechi mbili siku iliyotangulia, ya mmoja mmoja na ya wawili wawili, na miguu imekwisha.

Naomba na hili ulisikie. WTA na ITF walitoa ripoti ya matusi ya mitandaoni kwa mwaka 2024. Wachezaji 458 walitumiwa ujumbe wa matusi na vitisho kama 8,000, na asilimia 40 ulitoka kwa watu waliochaniwa mikeka. Wanatishiwa kuuawa, wanatukaniwa mama zao. Binti yuko peke yake hotelini, amefungwa, anafungua simu kumwambia mama yake amefungwa, anakutana na hayo. Kama umewahi kumwandikia mchezaji kitu cha namna hiyo, acha. Na kama una marafiki wanaofanya, waambie.

#8 Mzee wa Tabora

Mwanangu, umeandika vizuri na kwa moyo. Ila mimi kama mzazi niliyesomesha naona jibu ni jepesi. Mtoto asome. Tenisi acheze Jumamosi.

#9 Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia, na kwa sehemu niko upande wako. Bahati nzuri tenisi ya wasichana ni kati ya michezo michache ambayo shule na raketi vinaweza kwenda pamoja hadi chuo kikuu.

Vyuo vya Marekani vinasajili wachezaji kutoka dunia nzima. Kwa miaka mingi timu moja ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili kwa wachezaji 8: ada, malazi, chakula. Mtoto anapata kocha, uwanja, matibabu, mechi za kila wiki, na mwisho ana shahada. Okutoyi alipita njia hiyo, Chuo Kikuu cha Auburn. Danielle Collins alisoma Virginia akawa bingwa wa vyuo mara mbili, 2014 na 2016, ndipo akaingia kwenye mzunguko, na mwaka 2022 akacheza fainali ya Australian Open.

Kwa familia za kwetu naona hiyo ndiyo njia ya busara kuliko kumtoa mtoto shule akiwa na miaka 16 kumpeleka Monastir kwa hela ya kuuza kiwanja. Ila mzee wangu, ya Jumamosi tu sikubaliani nayo. Kocha wa Marekani anataka kuona matokeo ya mtoto kwenye mashindano ya vijana ya ITF. Bila hayo, hata awe na alama nzuri darasani, timu hawamjui.

#10 Mzazi wa Kasulu

Wangu ana miaka 12. Hayo ya vijana yanaanza umri gani, na ya kulipwa je? Nisije nikachelewa.

#11 Mwanzisha uzi

Hujachelewa. Mashindano ya vijana ya ITF ni kuanzia miaka 13 hadi 18, ngazi ya chini inaitwa J30, na ukanda wetu Nairobi na Kigali huwa yanafanyika. Kwa Kasulu, Kigali ni basi, tena karibu kuliko Dar.

Ya kulipwa, msichana haruhusiwi kabla ya miaka 14. Akifikisha 14 anaruhusiwa kwa kawaida mashindano 8 kwa mwaka, akiwa na 15 ni 10, akiwa na 16 ni 12, akiwa na 17 ni 16. Kanuni hizo zilikazwa miaka ya 1990 baada ya watoto kama Jennifer Capriati kuchoshwa mapema, na mimi naziunga mkono kabisa. Zipo pia nafasi kwenye droo za ITF zinazotengwa kwa vijana walio juu kwenye orodha ya dunia ya vijana, kwa hiyo anayefanya vizuri J zake anaweza kuingia W15 bila kusota kwenye mchujo.

Mwaka huu kwako iwe raketi ya saizi yake, mtu wa kupiga naye, na pasi ya kusafiria. Pasi ianze mapema, msisubiri wiki ya safari. Na mwenye kumfahamu fundi wa kufunga nyuzi Kigoma au Tabora anitumie ujumbe wa faragha, wazazi wawili wameniuliza leo na hapa mjini sijampata.